Kichwa cha Kulungu Katika Matanuri ya Carrie

Ukifika Rankin, kando ya mto Monongahela karibu na Pittsburgh, utaona matanuri mawili marefu yenye kutu. Yalijengwa mwaka 1907. Chuma kilichoyeyushwa hapo kilivushwa mto kwa treni hadi kiwanda cha Homestead. Wengi waliofanya kazi hizo walikuwa wahamiaji, kama sisi. Moto wa matanuri ulizimwa mwaka 1978. Homestead nacho kikafungwa mwaka 1986, na familia nyingi zikahama.

Mwaka 1997 wasanii walianza kuingia humo kwa siri, wakaunda kichwa kikubwa cha kulungu kwa mabomba na vyuma chakavu walivyovikuta. Bado kipo.

Wewe usiingie kiholela, ni hatari. Kata tiketi kwa shirika la Rivers of Steel, uwapeleke watoto wakaone jasho la waliotutangulia.