Maradhi ya asbestosi: madai ya fidia yapelekwe wapi?

Paa za asbestosi bado ziko juu ya madarasa, nyumba za watumishi wa umma, zahanati na maghala mengi nchini. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiweka asbestosi katika kundi la taka hatari, na kuibomoa au kuisafirisha kunahitaji kibali cha NEMA. Kabla ya hapo, na mara nyingine hata baada ya hapo, mafundi wengi waliikata kwa msumeno bila barakoa, wakafagia vumbi lake na kurudi nyumbani nalo kwenye nguo.

Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ya utando unaozunguka mapafu. Nyuzi zake pia huacha makovu mapafuni na kumfanya mtu akose pumzi. Maradhi haya hayatokei upesi. Huchukua miaka kumi, ishirini, wakati mwingine hata arobaini. Mgonjwa hutibiwa kikohozi au kifua kikuu kwa muda mrefu kabla ya kupigwa picha inayoonyesha tatizo lenyewe. Wakati huo mwajiri huenda ameshafunga biashara, amehamia mji mwingine au ameuza kampuni kwa wageni.

Ndiyo maana swali la mahali pa kupeleka madai lina uzito mkubwa. Sheria ya Kenya ni kali kwa jambo hili: mahakama isiyo na mamlaka ya kusikiza kesi haiwezi kuiendeleza hata hatua moja, na kesi iliyofunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kuokolewa kwa kuhamishiwa kwingine. Inatupwa. Anayedai huanza upya, na huku muda wa kisheria umekuwa ukimhesabia siku.

Aliyeugua akiwa mwajiriwa

Kwa mtu aliyeajiriwa na akaugua kwa sababu ya kazi, mlango wa kwanza si mahakama. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaijua kama WIBA, inamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kudai fidia nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ofisi zake ziko chini ya Wizara ya Leba ya serikali ya kitaifa, wala si idara ya kaunti, ingawa wakaazi wengi hufika kwanza katika makao makuu ya kaunti kuziulizia.

Hali haikuwa hivi siku zote. Chini ya sheria ya zamani, Sura 236, mfanyakazi alikuwa na hiari ya kuchukua fidia ya kiserikali au kwenda mahakamani. WIBA ilipoanza kutumika Juni 2008, Chama cha Mawakili kilipinga baadhi ya vifungu vyake, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: madai yaanzie kwa Mkurugenzi. Katika miaka hiyo kumi watu wengi walifungua kesi katika mahakama za mahakimu, na baadhi ya kesi hizo zilikwama baada ya uamuzi wa 2019. Ushauri wa jirani aliyelipwa fidia na mahakama ya hakimu mwaka 2012 basi haufai kufuatwa leo. Kwa aliyefanya kazi kabla ya Juni 2008 na akagunduliwa ugonjwa hivi majuzi, suala la sheria ipi itumike ni gumu, na wakili aulizwe kabla ya fomu yoyote kujazwa.

Utaratibu wenyewe unaanza na taarifa. Mgonjwa, au mtu wa familia yake, anamjulisha mwajiri, na mwajiri anapaswa kumjulisha Mkurugenzi. Mwajiri akikaa kimya, mgonjwa asingoje. Anaweza kwenda mwenyewe katika ofisi ya usalama kazini iliyo karibu naye. Daktari hujaza sehemu yake ya fomu akieleza ugonjwa na kiwango cha ulemavu. Mkurugenzi hukadiria fidia, ambayo mwajiri au kampuni yake ya bima hulipa. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, hesabu hufanywa kwa mshahara wa miezi 96.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi akijibu na mtu bado haridhiki, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Hapo ndipo mahakama inapoingia, na ni mahakama hiyo tu. Mahakama hii ina vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Kericho na miji mingine. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo wakaazi wengi wanaipenda kwa wepesi wake, imekatazwa na sheria yake kusikiza mizozo ya ajira.

Utaratibu huu unamhusu kila mwajiri. Aliyeajiriwa na serikali ya kaunti kubomoa paa za soko au zahanati ana haki sawa na aliyeajiriwa na mwanakandarasi, na hahitaji ruhusa ya afisa yeyote wa kaunti ili kupeleka madai yake.

Mke aliyefua nguo, jirani wa karakana

Si kila anayeugua alikuwa mwajiriwa. Kuna mke aliyekuwa akikung'uta na kufua ovaroli za fundi kila Jumamosi. Kuna familia iliyoishi kando ya mahali vipande vya paa vilipotupwa, na watoto wakavichezea. Hawa hawana mwajiri wa kudai, na WIBA haiwahusu.

Mlango wao wa kwanza ni kesi ya kawaida ya uzembe dhidi ya aliyesababisha madhara: mwenye karakana, mwanakandarasi au muuzaji. Mahakama itategemea kiasi kinachodaiwa. Hakimu mkuu anaweza kusikiza madai ya hadi shilingi milioni 20, na hakimu mkaazi milioni 5. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa hoja kwamba haki ya kuishi katika mazingira safi, iliyo katika Kifungu cha 42 cha Katiba, imekiukwa. Mfano ulio karibu zaidi haukuhusu asbestosi bali risasi, ile madini. Wakaazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Walikwenda katika mahakama hiyo mjini Mombasa, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo uliyumbishwa katika rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Kwa jamii nzima iliyoathiriwa na mahali pamoja, njia hii ina nguvu kuliko kesi hamsini za mtu mmoja mmoja. Kasoro yake ni muda, kwani wakaazi wale walifungua kesi mwaka 2016.

Mji gani?

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura 21, inampa mlalamishi nafasi ya kuchagua. Kesi ya madhara ya mwili inaweza kufunguliwa pale madhara yalipotendeka, au pale mshtakiwa anapoishi au kufanya biashara. Mahali anapoishi mlalamishi mwenyewe hapatajwi, na hapa wengi hukosea.

Chukua mtu aliyeishi miaka mingi jirani na karakana ya kukata paa mjini Mombasa. Mwenye karakana ana makao Nairobi. Mtu huyo sasa amerudi Busia kwa watoto wake na ni mgonjwa. Anaweza kushtaki Mombasa au Nairobi, Busia hapana. Kati ya hizo mbili, Mombasa ina faida ya mashahidi: majirani wa zamani, daktari wa kwanza, na jengo lenyewe kama bado limesimama. Nairobi ina faida ya kuwa karibu na mali ya mshtakiwa ikiwa itafikia hatua ya kukamata mali. Mahakama sasa hupokea hati kwa njia ya mtandao, kwa hivyo kufungua kesi hakuhitaji safari. Hata hivyo shahidi mzee anayetumia oksijeni bado huenda akahitajika kufika mbele ya hakimu, na jambo hilo liangaliwe mapema kuliko nauli ya wakili.

Kampuni ya ng'ambo

Baadhi ya kampuni zilizouza au kutumia asbestosi Afrika zilikuwa na wamiliki Ulaya. Je, mgonjwa anaweza kuwashtaki huko?

Inawezekana, na imefanyika. Wachimbaji wa asbestosi wa Afrika Kusini, kutoka maeneo ya Prieska na Penge, waliishtaki kampuni ya Uingereza ya Cape plc mjini London mwaka 1997. Kampuni ilisema kesi ni ya Afrika Kusini na isikizwe huko. Mvutano kuhusu mahali pekee ulichukua miaka mitatu. Julai 2000, Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, liliamua kuwa kesi ibaki London, kwa sababu walalamishi zaidi ya 3,000 maskini wasingepata mawakili na wataalamu wa kuiendesha kesi kubwa kama hiyo nyumbani, na hivyo wangenyimwa haki. Fidia haikuja upesi hata baada ya ushindi huo. Mapatano ya kwanza yalivunjika kampuni iliposhindwa kulipa, na mwaka 2003 walalamishi wapatao 7,500 walikubali pauni milioni 7.5. Ukigawa, ni kama pauni 1,000 kwa kila mmoja.

Mfano wa pili unawahusu Wakenya moja kwa moja, na umekwenda upande mwingine. Wachuma majani chai zaidi ya elfu moja wa Kericho walidai fidia ya maumivu ya mgongo na viungo katika mahakama ya Scotland, ambako kampuni iliyowaajiri imeandikishwa. Novemba 2023, majaji wa rufaa mjini Edinburgh waliisimamisha kesi ili madai yao yapitie kwanza utaratibu wa WIBA nchini Kenya. Hoja yao ilikuwa kwamba Kenya tayari ina njia ya kufidia majeraha ya kazini na haijathibitishwa kuwa njia hiyo haiwezi kutenda haki.

Kwa mgonjwa wa asbestosi aliyekuwa mwajiriwa, uamuzi huo wa Edinburgh una maana kubwa. Anayeahidiwa na wakala kwamba atalipwa pauni London au Scotland bila kupitia ofisi ya Mkurugenzi hapa nyumbani anafaa kuuliza maswali makali. Njia ya ng'ambo inabaki wazi zaidi pale ambapo mwajiri wa hapa hayupo tena, hana bima, na kampuni mama ndiyo iliyosimamia usalama wa kazi.

Muda

Mahali sahihi hapasaidii aliyechelewa. Chini ya WIBA, familia ya aliyefariki ina miezi 12 tangu siku ya kifo kuwasilisha madai. Kwa mgonjwa aliye hai, lililo salama ni kumpa mwajiri na Mkurugenzi taarifa ya maandishi mara tu daktari anapotaja asbestosi, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kesi ya uzembe ina miaka mitatu. Ikiwa mshtakiwa ni serikali, kwa mfano kesi inayohusu jengo la umma, ni miezi 12 tu. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 22, inaruhusu mahakama kumwongezea muda mtu ambaye hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua, mambo ya msingi ya madai yake. Kifungu hicho, cha 27, kinawafaa sana wagonjwa wa maradhi yanayojificha miaka thelathini, lakini kina mwaka mmoja wa kuhesabu tangu mtu ajue. Tarehe iliyoandikwa kwenye ripoti ya kwanza ya daktari ndiyo mahakama itakayoiangalia.

Wakili na hati

Sheria ya Mawakili inakataza makubaliano ambapo wakili analipwa endapo tu kesi itashinda. Wakili anayemwambia mgonjwa atie sahihi ya kugawana asilimia ya fidia anamwekea tatizo. Asiyeweza kulipa anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, au kwa Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwatetea watu wa kipato cha chini tangu 1973.

Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi wa kazi ya zamani. Barua ya ajira, hati za mshahara, kadi ya chama cha wafanyakazi na picha za kazini vyote vinafaa, hata vikiwa vimechanika. Asiye na hati hizo anaweza kuomba taarifa ya michango yake NSSF, ambayo huonyesha jina la kila mwajiri aliyemchangia na miaka yenyewe. Majina ya wafanyakazi wenzake, hasa walio hai na walio wagonjwa kama yeye, yaandikwe mapema. Picha za eksirei na ripoti za hospitali ziombwe kwa maandishi na zitunzwe na mgonjwa mwenyewe, maana kuzipata baada ya miaka ishirini ni kazi kubwa.

Kwa paa la asbestosi lililovunjika au lililotupwa karibu na makazi, taarifa ipelekwe kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au ofisi ya NEMA ya kaunti. Vipande visiguswe wala visifagiwe vikiwa vikavu.