Mzigo Usiofungwa Sawasawa

Sisi wa Kashebere twamjua msukuma chukudu: gunia likilegea mteremkoni, mtu na mzigo huenda bondeni pamoja. Katika ndege hatari yazidi. Tarehe 29 Aprili 2013, huko Bagram, Afghanistan, ndege kubwa iliruka ikiwa na magari matano ya deraya, mali ya jeshi. Gari moja likafunguka, likarudi nyuma kwa kishindo, likaharibu mitambo ya kuongozea ndege; wote 7 waliomo wakafa. Wachunguzi wa Marekani waliona kwamba utaratibu wa kuyafunga ulikuwa na kasoro.

Kwa hiyo mpakiaji wa shehena za jeshi, hata akiwa mzoefu, hurudishwa darasani: kupima mizigo, kuugawa uzito mbele na nyuma, kukadiria nguvu za minyororo. Ni hesabu zile zile ambazo wanafunzi wetu huzinung'unikia.