Fedha za Duka na Fedha za Nyumba

Wengi wetu twafungua duka dogo, na mwaka haujaisha rafu ni tupu. Wala si wezi. Tuseme umenunua gunia la sukari, kilo 50, kwa shilingi 140,000, nawe wauza kila kilo kwa 3,000. Ukiuza yote wapata 150,000. Faida ni 10,000 tu. Basi kilo 4 zikiingia jikoni mwako, au akizikopa shemeji asiyelipa (naye huja jioni, wateja wakiwapo!), wapata 138,000: mtaji umeanza kuliwa. Kwa hiyo mwenye duka naye na alipe kama mteja, fedha za duka zikae mbali na za mboga, na kila deni liandikwe daftarini mbele ya mkopaji mwenyewe.