Jiko Lisilo na Moshi Mwingi

Singida ni mkoa mkavu. Miti hukua polepole, na akina mama huenda mbali kutafuta kuni. Lakini mafiga matatu hula kuni nyingi. Upepo huchukua joto, na moshi hujaa jikoni.

Moshi ni kuni ambazo hazikuungua vizuri. Moshi huumiza macho, huleta kikohozi, na watoto wadogo hupata nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wake. Lengo ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Kama bado unapikia kuni, chagua jiko bora. Tazama mambo haya:

1. Mlango wa kuni uwe mdogo, na kuta ziwe nene. Joto halitapotea.
2. Hewa ipite chini ya kuni. Moto ukikosa hewa, hutoa moshi.
3. Sufuria yako ikae vizuri, karibu na moto.
4. Pawe na bomba la kutoa moshi nje.

Kabla ya kununua, omba jiko liwashwe mbele yako. Ukiona moshi mwingi, usilichukue.

Jiko zuri halisaidii kama kuni ni mbichi. Zipasue, uzianike zikauke. Funika sufuria. Loweka maharage usiku kucha. Kuni zitabaki, na kifua cha mtoto kitapona.

Maswali
1. Kwa nini mafiga hula kuni nyingi?
2. Jiko lako lina mambo mangapi kati ya hayo manne?