Ua la kinamasini na kichaa cha mbwa

Je, mbwa akikuuma leo jioni utakimbilia wapi? Huenda jirani akakushauri utafute majani ya kubandika kwenye kidonda. Kabla hujamsikiliza, soma kisa hiki.

Huko Marekani na Kanada kuna ua la mwituni liitwalo kitaalamu Scutellaria lateriflora. Ni la jamii ya mnanaa, lina shina la pembe nne na maua madogo ya samawati, na humea kwenye vinamasi na kando ya mito.

Mwaka 1773, Dkt Lawrence Van Derveer wa New Jersey alianza kuwanywesha dawa ya mmea huo watu walioumwa na mbwa. Sifa zilienea kwamba aliwakinga watu 400 na ng'ombe 1,000. Mwaka 1819, Dkt Lyman Spalding alichapisha kijitabu cha kuutetea.

Mbona walionekana kupona? Si kila mbwa anayeuma ana kichaa, wala si kila aliyeumwa na mbwa mgonjwa huambukizwa. Mtu ambaye hangeugua kamwe alikunywa dawa, akabaki mzima, na sifa zikaliendea ua. Leo mmea huo huuzwa kama dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, bali kichaa cha mbwa hauzuii wala hauponyi.

Kinga ya kweli ilipatikana mwaka 1885, Joseph Meister, mvulana wa miaka 9, alipopewa chanjo ya Louis Pasteur huko Paris.

Ufanye nini ukiumwa?

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usipake pilipili wala maji ya majani. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo uanze chanjo, na usiache sindano hata moja uliyopangiwa. Kidonda kikiwa kibaya, daktari ataongeza dawa nyingine ya kinga.

Usidanganyike kwa kuwa unajihisi mzima. Virusi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi miwili au mitatu. Zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Je, mbwa wako amechanjwa mwaka huu? Kinga ya familia yako huanzia hapo.