Mfumo Ukikukatalia, Logi Iseme Kwa Nini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na intaneti ikawa ya kusuasua. Siku kama ile, mfumo wowote unaohakiki watumiaji wake kwenye seva iliyo ng'ambo hubaki unasubiri jibu lisilokuja. Hapo ndipo ubora wa programu unapojulikana: ikishindwa kuhakiki, inaandika nini?

Programu nyingi zilizotengenezwa kwa haraka huandika uongo. Zinajua majibu mawili tu, umekubaliwa au umekataliwa, na seva isipojibu zinahesabu kuwa umekataliwa. Chukua mfano wa karani wa SACCOS pale Ngamiani, Tanga. Anasoma kwenye skrini "Nywila si sahihi". Anajaribu tena na tena mpaka akaunti inafungwa. Anampigia fundi, naye akifungua kumbukumbu za mfumo, zile mafundi wanazoziita logi, anakuta maneno yaleyale. Asubuhi inaishia kwenye kubadilisha nywila zisizo na kosa, na wanachama wako foleni.

Kipande cha programu kinachomhoji mtu kabla ya kumruhusu kuingia huitwa moduli ya uthibitishaji. Kumkatalia asiyehusika ni kazi yake halali. Kushindwa kumhakiki ni hitilafu. Mambo haya mawili hayapaswi kuandikwa kwa sentensi moja. PAM, utaratibu wa uthibitishaji ulioanzia kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995 na ambao leo umo karibu kila seva ya Linux, unayatenganisha: una msimbo wa nywila iliyokosewa, msimbo wa mtumiaji asiyejulikana, na msimbo wa chanzo cha taarifa kisichofikiwa. Mtengenezaji anayezichanganya sababu hizi anatupa kitu alichopewa bure.

Uzito nao uwe na kipimo. Itifaki ya syslog, inayotumika kuandikia logi duniani kote, ina ngazi nane, kuanzia 0 ya dharura hadi 7 ya maelezo ya uchunguzi wa fundi. Mtu akikosea nywila mara moja, hilo ni tukio la kawaida, linatosha ngazi ya 5 au 6. Seva ya utambulisho isipofikiwa, hiyo ni ngazi ya 3, kosa halisi. Mamia ya majaribio yakija kwa dakika chache kutoka anwani moja, toa onyo, ngazi ya 4. Ukipandisha kila kidole kilichoteleza mpaka ngazi ya 3, fundi atazoea kelele, na siku ya mwizi hatageuka.

Skrini na logi zisiseme mamoja. Mtumiaji aambiwe "Jina au nywila si sahihi", bila kutajiwa ni kipi, kwa sababu anayebahatisha akijua jina lipo amekwisha vuka hatua ya kwanza. Kama tatizo ni la mtandao, aambiwe huduma haipatikani, pamoja na namba fupi ya tukio ya kumsomea fundi kwenye simu. Chini ya namba hiyo, logi ieleze akaunti, anwani ya kifaa, sababu kamili na wakati.

Kwenye wakati, sisi wa pwani tuna mtego wetu. Karani anasema ilikuwa saa mbili asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha 08:00, na seva inayofuata saa ya dunia imeandika 05:00. Ni wakati uleule. Logi ibebe alama ya +03:00, la sivyo fundi atakagua saa ambayo hakikutokea kitu.

Kuna pia yasiyopaswa kuandikwa kabisa. La kwanza ni nywila, hata iliyokosewa, maana mara nyingi hutofautiana na ile sahihi kwa herufi moja tu. Mwezi Mei 2018, Twitter iliwashauri watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wabadilishe nywila, baada ya kugundua kuwa hitilafu ilikuwa ikiziandika wazi kwenye logi ya ndani. Machi 2019, Facebook nayo ilikiri kuhifadhi nywila za mamia ya mamilioni ya watu bila kuzificha. Wapo pia wanaoandika nywila kwenye nafasi ya jina kwa haraka. Ndiyo maana moduli ya pam_unix, ikikutana na jina isilolijua, kwa kawaida huandika tu kwamba mtumiaji hajulikani, bila kulinakili.

Namba ya NIDA, namba ya siri ya simu na msimbo wa mara moja navyo vikae nje ya logi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiachi taarifa za mtu zizagae kwa kisingizio kwamba zimo kwenye faili la mafundi. Faili hilo lisomwe na wachache, na lifutwe muda wake ukiisha.

Kwa hiyo, meneja wa SACCOS, wakala wa forodha bandarini au mwalimu mkuu unayenunua mfumo, kabla ya kutia sahihi mwombe muuzaji afanye jambo moja mbele yako: achomoe waya wa mtandao, ajaribu kuingia, kisha akufungulie logi. Ikiandika kwamba nywila imekosewa, usilipe mpaka airekebishe.