Chumvi ya Mezani na Presha

Katika nyumba nyingi baba hunyunyiza chumvi kabla hata ya kuonja mchuzi. Chumvi huvuta maji mwilini. Damu huongezeka wingi, nao moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate na samaki mkavu. Ndimu na tangawizi hukoleza mboga vizuri tu. Kutembea haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki, nako hushusha presha. Lakini mwenye dawa asiziache kwa kujisikia mzima. Presha kwa kawaida haiumi. Wengine huijua siku mshipa wa ubongo umepasuka.